Uhakiki wa siri au wa wazi: andiko lako la seli lipitie wapi?

Mtafiti wa Nairobi anayechunguza Theileria parva, kimelea cha ndigana kali kinachozifanya seli nyeupe za ng'ombe zigawanyike bila kikomo kama za saratani, ana njia mbili za kutoa matokeo yake.

Ya kwanza ni jarida la kawaida. Mhariri huchagua wahakiki wawili watatu, majina yao hufichwa, na maoni yao kwa kawaida hayatoki nje. Miezi hupita. Andiko likikataliwa, unaanza upya kwingine.

Ya pili ni kuliweka andiko bioRxiv, hazina ya mtandaoni ya maandiko ya biolojia ambayo bado hayajahakikiwa, iliyofunguliwa mwaka 2013, kisha kuomba uhakiki wa wazi. Review Commons, huduma ya uhakiki isiyo jarida, iliyoanza 2019, hulihakiki kwanza, nawe unayabeba maoni hayo hadi kwenye jarida. Jarida la eLife limekwenda mbali zaidi: tangu 2023, andiko likishapelekwa kwa wahakiki huchapishwa pamoja na maoni yao, bila hukumu ya kukubali au kukataa. Hapo mwanafunzi wa Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, anasoma bure swali la mhakiki: je, picha hii ya hadubini inatosha kuthibitisha kwamba protini iko kwenye utando wa seli? Kwangu hilo ni darasa zima, na njia ya kwanza hulifungia kabatini.

Hasara ipo. Ukosoaji mkali hubaki hadharani, na eLife imepoteza alama ya hadhi ya majarida (impact factor, inayotokana na jinsi makala zake zinavyonukuliwa), jambo linalomuumiza anayesubiri kupandishwa cheo. Mtu huyo ningemwelekeza Review Commons: andiko linasomwa mapema, na mlango wa jarida unabaki wazi.