Premio ya 1.5, 1.8 au D4? Kwa sie wa milimani

Kila siku naulizwa hapa Mwanjelwa, Mbeya, mtu achukue Toyota Premio ya injini gani, basi naandika mara moja yaishe maana zote tatu nimeziendesha. Naongelea zile old model, 2001 mpaka 2007.

Mi ninayo ya lita 1.5, injini ya 1NZ, ile ile ya Toyota IST. Mjini raha tupu, Kabwe, Soweto, Uyole unazunguka na mafuta hayashuki kihivyo, spea kila kona na hakuna fundi asiyeijua. Tatizo mlima. Desemba tumetoka Dar watu watano, buti imejaa nazi na mabegi, tukafika mlima Kitonga nyuma ya semi, nikazima O/D (ile gia ya juu ya mwendo) nikakanyaga mpaka kwenye kapeti, injini inalia kama mashine ya kusaga lakini mshale umeganda 40. Mama watoto akasema "baba Neema si uzime hiyo AC tupande jamani". Nikazima. Shemeji alikuwa nyuma yetu na ya 1.8, akawasha indiketa akatupita sisi na semi na hakurudi nyuma tena, tumemkuta Ilula ameshaagiza chai.

Afu watu wanasahau Mbeya mjini tu ni kama mita 1700 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, zile nguvu za farasi 109 za kwenye makaratasi huku huzipati zote.

Kwaiyo 1.8 ndo jibu, ila injini yake, 1ZZ, ina ugonjwa wa kula oili, hasa za miaka ya mwanzo, ringi za pistoni ndo chanzo. Ukienda kuikagua nenda asubuhi injini ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili, afu mtu asimame nyuma mkiwasha. Moshi wa bluu, ondokeni. Mweupe wa Juni hii usiwatishe, huo ni mvuke wa baridi tu, ukiisha gari ikipata moto hamna neno.

D4 ya 2.0 ina nguvu kweli, sibishi, ila inapuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja kwa presha kubwa, ukiweka mafuta machafu ya kwenye madumu huko vijijini pampu na nozo utazililia. Kwa familia hapana.

Ya kwangu naiuza, nzima kabisa, ila asije mtu wa Chunya, ile milima ya huko haiiwezi.