Vizazi vitatu vya uchongaji, na herufi zangu zimefutika

Ukutani kwenye karakana yao ya kuchonga maandishi wameandika kwamba babu alianza na patasi ya mkono, baba akaleta pantografu (mashine ya mkono inayofuata herufi ya mfano na kuichonga kwa udogo), na sasa wajukuu wana mashine ya kompyuta. Sawa. Basi mbona kibao cha shaba walichonichongea hakikumaliza hata mwaka? Nimekisugua kwa dawa ya kung'arisha mara chache tu, herufi zikafifia kama zimeandikwa kwa penseli.

Kumbe hawakuchonga, walikwaruza. Ncha ya almasi isiyozunguka haiondoi shaba, inaisukuma pembeni tu na kuacha mfereji mwembamba wenye kingo zilizoinuka. Kingo hizo ndizo zinazoshika mwanga, herufi ikaonekana. Ukisugua, zinaondoka kwanza, na chini yake hakuna kina cha maana. Kibao cha kusuguliwa kinataka ncha inayozunguka na kukata, ishuke kama milimita 0.3, kwa kupita mara mbili, kisha ndani ijazwe rangi. Watu wa vizazi vitatu hawalijui hili?

Nilipokirudisha, mjukuu hata hakukiinamisha kwenye mwanga. "Mashine haikosei. Wewe umesugua sana." Hapo nikaamua kuwapa nyota moja kwenye tathmini hii, na hiyo moja ni ya kiti nilichokalia.

Ila baba yake alikuwa amesikia. Alikichukua bila neno, akakipiga msasa namba 400, 600, halafu 1000, hadi mikwaruzo ya kwanza ikaisha. Akakibandika juu ya bamba lililonyooka kwa utepe wenye gundi pande zote mbili, maana kibao kikipinda kidogo tu, upande mmoja unachimbwa na mwingine unaguswa juujuu. Pantografu akaifunga kwenye uwiano wa 4 kwa 1: mkono ukiteleza milimita moja kwenye herufi ya mfano, kwenye kibao ni robo yake. Nafasi kati ya A na V aliibana kwa jicho. Ile kompyuta ilikuwa imeiacha wazi kama pengo la jino. Akajaza rangi nyeusi, ya juu akaikwangua kwa kadi ngumu. Si kitambaa, kwa sababu kitambaa huzama kwenye mfereji na kuifyonza rangi.

Sasa ukipitisha ukucha, unakwama. Nyota nne, basi. Hapana, tatu: kwa nini kazi hiyo afanyiwe aliyerudi na hasira tu? Na mzee hana mwanafunzi kwenye ile pantografu. Nimeuliza, mjukuu akacheka. Mbili.