Tovuti ya PuckPedia na hesabu za kubadilishana wachezaji wa hoki ya barafuni

Tarehe 18 Agosti 2022 klabu ya Calgary Flames ilimpeleka Sean Monahan kwa Montreal Canadiens, ikaongeza juu yake haki yake ya kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza ya drafti, yaani zoezi la kila mwaka la vilabu kugawana chipukizi, na yenyewe haikupokea mchezaji wala haki yoyote ya maana. Katika karatasi za uhamisho iliandikwa tu kwamba itapewa “mambo ya baadaye”, maneno ambayo katika mchezo huu kwa kawaida humaanisha kuwa hakuna kinachorudi. Mimi nilikulia Tanga, ambako kila mpenzi wa kandanda anajua kuwa klabu inayomwachia mchezaji ndiyo inayolipwa ada ya uhamisho. Kwa hiyo jioni ile, tukiwa mezani hapa Calgary, binti yangu aliponiuliza, “Baba, mbona tumetoa mtu halafu tukalipa sisi?” sikuwa na jibu. Nilianza kulipata nilipojifunza kusoma majedwali ya mikataba, na tovuti ninayoitumia kwa kazi hiyo leo, karibu kila siku ya msimu, ni PuckPedia. Naiandikia tathmini hii kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili walioanza kuufuata mchezo huu, wawe Toronto au Edmonton, au wawe Nairobi wakiwafuata Ice Lions, timu ya hoki ya barafuni ya Kenya.

Lazima kwanza nieleze tovuti inahesabu nini. Ligi ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, ina vilabu 32, na tangu msimu wa 2005-06, baada ya msimu wa 2004-05 kufutwa wote kwa sababu ya mgogoro wa wamiliki na wachezaji, kila klabu imewekewa kikomo cha mishahara. Kikomo cha kwanza kilikuwa dola milioni 39. Cha msimu wa 2025-26 ni dola milioni 95.5, na kuna pia kiwango cha chini, dola milioni 70.6, ambacho klabu hairuhusiwi kushuka chini yake. Kikomo hiki ni kigumu, maana tajiri hawezi kulipa faini akaendelea kusajili kama inavyowezekana katika baadhi ya michezo mingine ya Marekani. Kinachohesabiwa dhidi ya kikomo ni wastani wa mkataba mzima kwa mwaka, hata kama mchezaji analipwa zaidi mwaka huu na kidogo mwaka ujao. Wastani huo nitauita mzigo.

Ada ya uhamisho haipo. Klabu ikitaka mchezaji wa klabu nyingine, hulipa kwa wachezaji au kwa machaguo ya drafti, na hapa simaanishi ule mchezo wa vizibo tunaocheza barazani, bali siku mbili, kwa kawaida za mwezi Juni, ambapo vilabu hupokezana zamu ya kuchukua chipukizi, wengi wao wakiwa na miaka 18. Drafti ina raundi saba, klabu dhaifu hutangulizwa kwa bahati nasibu, na zamu hizo zinaweza kuuzwa miaka kadhaa kabla hazijafika. Thamani yake haitoki katika matumaini peke yake: chipukizi akisajiliwa, mkataba wake wa kwanza ni wa bei ndogo iliyowekewa mpaka, kwa hiyo akicheza vizuri anaipatia klabu kazi ya mtu mkubwa kwa mzigo mdogo. Ndiyo maana kikomo na chaguo havitenganishwi. Kila anayebanwa na kimoja huenda kukopa kwa kingine.

PuckPedia inaonyesha hali hiyo kwa namna ambayo mtu asiye mhasibu anaweza kuifuata. Ukurasa wa klabu hufunguka na orodha ya wachezaji, washambuliaji kwanza, kisha mabeki, kisha walinda mlango, na mbele ya kila jina kuna safu za miaka ijayo zenye mzigo wa kila msimu. Rangi hukuonyesha mkataba utakwisha lini na kama mchezaji atakuwa huru kabisa au klabu yake itabaki na haki ya kulinganisha ofa ya mwingine. Pale ambapo mchezaji ana haki ya kukataa kuhamishwa imewekwa alama. Juu ya ukurasa kuna nafasi iliyobaki chini ya kikomo, na ukurasa mwingine hupanga machaguo ya drafti mwaka kwa mwaka, raundi kwa raundi, pamoja na yale yaliyotoka kwa klabu nyingine na masharti yake. Kurasa hizi za msingi ni za bure.

Nasisitiza suala la mzigo kwa sababu limewahi kunigharimu. Kabla ya hapo nilikuwa natumia programu moja ya simu, nisiyotaka kuitaja, ambayo katika safu iliyodaiwa kuwa ya mzigo ilionyesha mshahara unaolipwa mwaka ule. Katika ligi ya kubuni tunayocheza na wenzangu kazini, ambamo kila mmoja hujiundia timu ya wachezaji halisi, nilimwachia beki mzuri nikidhani ananila fedha nyingi, kumbe mwaka ule ulikuwa tu mwaka wa malipo makubwa ndani ya mkataba wa bei nafuu. Mwenzangu aliyempokea alimtumia hadi fainali. PuckPedia hutenganisha wazi mzigo, mshahara wa mwaka na bonasi ya kusaini, na kwangu mimi hilo peke yake lingetosha kuipendekeza.

Sasa turudi kwa Monahan, kwani safari yake ndiyo iliyonionyesha ubora wa ukurasa wa machaguo. Alikuwa na mzigo wa dola milioni 6.375 uliobakiza msimu mmoja, na nyonga zilikuwa zimemsumbua kwa muda. Siku ileile aliyoondoka, Calgary ilimsajili Nazem Kadri kwa miaka saba kwa mzigo wa dola milioni 7. Bila kuutoa ule wa kwanza, wa pili usingeingia. Hilo lilikuwa jibu la binti yangu: hatukumlipa Montreal ili amchukue mchezaji, tulimlipa ili achukue nafasi aliyokuwa akiijaza mchezaji huyo. Montreal, iliyokuwa inajenga timu upya, ilikuwa na nafasi ya kukodisha.

Lakini ukiendelea kufuata jina hilo katika orodha ya mabadilishano, utaona kuwa kodi ililipwa mara mbili. Monahan alicheza mechi 25 tu katika msimu wa 2022-23 kabla ya kuumia tena, akasaini upya Montreal kwa mwaka mmoja kwa mzigo wa dola milioni 1.985, akapona, na mwezi Februari 2024 Winnipeg Jets ikamnunua kwa chaguo lake la raundi ya kwanza la 2024. Tazameni jinsi kikomo kilivyopanga bei hapo. Kwa mzigo wa milioni sita, klabu inayogombea ubingwa isingeweza kumwingiza katikati ya msimu bila kuvunja kikosi chake; kwa mzigo chini ya milioni mbili kila klabu ingeweza, kwa hiyo bei ikapanda. Montreal ilitumia chaguo hilo, pamoja na mengine madogo, kusogea mbele katika drafti ya 2024 na kumchukua Michael Hage katika zamu ya 21.

Na chaguo la Calgary lenyewe? Lilikuwa limefungwa kwa masharti marefu yaliyovuka zaidi ya mwaka mmoja, yakihusisha pia chaguo la Florida Panthers ambalo Calgary ilikuwa imepewa mwezi mmoja kabla ilipomtoa Matthew Tkachuk. Mwishowe lilitua mwaka 2025 katika zamu ya 16. Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, usiku wa drafti, Montreal ililipeleka New York Islanders pamoja na zamu yake ya 17 na mshambuliaji Emil Heineman, ikampata Noah Dobson, beki ambaye ilimpa mkataba wa miaka minane kwa mzigo wa dola milioni 9.5. Heineman naye alikuwa ametoka Calgary, Februari 2022, katika mabadilishano ya Tyler Toffoli. Nilikaa na ukurasa ule kwa muda mrefu usiku huo, nikirudi nyuma tarehe kwa tarehe. Sehemu kubwa ya bei ya beki wa Montreal ilikuwa imetoka katika ghala letu. Hakuna gazeti lililonipa mnyororo huo wote katika habari moja. Niliuunga mwenyewe kwa vidole vyangu, kwa sababu kila uhamisho umewekwa mahali pake na tarehe yake.

Jambo lingine ambalo tovuti hulionyesha vizuri ni mshahara unaobaki nyuma. Klabu inayomtoa mchezaji inaruhusiwa kubaki na hadi nusu ya mzigo wake, na haiwezi kuwa na mikataba zaidi ya mitatu ya aina hiyo kwa wakati mmoja. Mfano mzuri ni Mikko Rantanen. Mwezi Januari 2025 Colorado Avalanche ilimpeleka Carolina Hurricanes, na Chicago Blackhawks ikaingia katikati kama mtu wa tatu, ikabeba nusu ya mzigo wake wa dola milioni 9.25 hadi mwisho wa msimu, ikamtoa pia Taylor Hall, na malipo yake yakawa kurudishiwa chaguo lake lenyewe la raundi ya tatu la 2025. Rantanen hakusaini mkataba mpya Carolina. Tarehe 7 Machi aliuzwa tena Dallas Stars kwa kijana Logan Stankoven, machaguo mawili ya raundi ya kwanza na mawili ya raundi ya tatu. Dallas ilimpokea akiwa na mzigo wa dola milioni 4.625 kwa muda uliobaki, kwa sababu Chicago ilikuwa bado inabeba nusu yake, na hapohapo ikampa miaka minane kwa milioni 12. Katika ukurasa wa Chicago jina lake lilibaki limeandikwa, mtu ambaye hakuwahi kuwachezea dakika moja. Mgeni akiona mstari kama huo anaweza kudhani ni kosa, kumbe ndio mstari wenye habari.

Hesabu ya siku ndiyo inayochosha zaidi, na hapa naishukuru sana tovuti. Kikomo huhesabiwa kila siku, kwa hiyo nafasi isiyotumika hujilimbikiza. Chukua msimu wa siku 190: klabu iliyoanza na nafasi ya dola milioni 1 na isiiguse mpaka zimebaki siku 40, inaweza kumpokea mchezaji mwenye mzigo wa mwaka wa takribani dola milioni 4.75, kwa sababu itamlipia zile siku zilizobaki tu. PuckPedia huweka nafasi ya leo kando ya nafasi itakayokuwapo siku ya mwisho ya mabadilishano mwezi Machi. Tofauti kati ya namba hizo mbili inaeleza kwa nini klabu inayoonekana imekwama Desemba inaweza kununua nyota Machi.

Kuhusu majeruhi wa muda mrefu, ambao mizigo yao huruhusu klabu kupita kikomo, majedwali yanatosha lakini yanahitaji subira. Msomaji aliyesikia habari za Tampa Bay Lightning mwaka 2021, pale Nikita Kucherov alipokosa mechi zote za msimu wa kawaida akarudi kwenye mchujo, yaani mechi za kuwania ubingwa baada ya msimu wa kawaida, na kuongoza ligi kwa pointi 32 hadi kuchukua Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa ligi, ajue kuwa mlango huo umebanwa: kuanzia msimu wa 2025-26 wachezaji wanaovaa jezi katika mechi ya mchujo lazima nao mizigo yao ienee chini ya kikomo. Nami naona ni haki.

Kuna sehemu iitwayo PuckGM ambamo mtumiaji hujifanya meneja, akapanga mabadilishano na kuona kikomo kinasemaje. Binti yangu anaipenda kuliko kurasa nyingine zote. Mimi naitumia kwa tahadhari, kwa kuwa jedwali hukubali lolote linaloenea katika hesabu, ilhali klabu halisi ina kocha anayemtaka mtu fulani, ina mchezaji mwenye orodha ya miji asiyotaka kwenda, na ina mmiliki mwenye haraka. Tovuti haiwezi kukupa hayo, na haidai kuwa inaweza. Lugha yake pia ni Kiingereza kitupu chenye vifupisho vingi, kwa hiyo anayeanza na ajiandikie kijikaratasi cha maana zake.

Huduma za aina hii si za kudumu, nasi tunaozitumia tumekwishafiwa. CapGeek, iliyotufundisha wengi kuhesabu, ilifungwa Januari 2015 mwanzilishi wake, Matthew Wuest wa Halifax, akiwa mgonjwa, na miezi miwili baadaye alifariki kwa saratani. CapFriendly ilichukua nafasi yake, ikawa bora kiasi kwamba mwaka 2024 klabu ya Washington Capitals iliinunua kwa matumizi yake, na Julai mwaka huo umma ukafungiwa. Kwa hiyo mnyororo wa Monahan nimeunakili wote katika daftari la karatasi, pamoja na mizigo na machaguo ya Calgary hadi mwaka 2028, na kila linapobadilika jambo kwenye tovuti nalibadilisha na daftarini.