Laptop ya mtumba Mwanjelwa: programu ipi ya kuandikia uitegemee?

Muuzaji wa Mwanjelwa, Mbeya, au Iringa mjini akikwambia "ya kuandikia imo", muulize ni ipi, kisha ifungue mwenyewe kabla hujatoa hela. Tumezipanga kuanzia ya kuchukua kwanza.

1. LibreOffice Writer. Ni ya bure, na ikishawekwa haili bando. Faili la kusakinisha ni takribani MB 350, hivyo lipakue penye Wi-Fi na ulitie kwenye flashi. Majedwali, tanbihi na namba za kurasa zimo, na hata kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili cha Tanzania. Kero yake ni kuhifadhi kwa odt, aina yake ya faili, na steshenari nyingine hazina cha kuifungulia. Ingia Tools, Options, Load/Save, General, uchague Word 2010–365. Ya kuchapa peleka PDF, mistari isihame.

2. Word yenye leseni. Ilipie kama msimamizi wako anarudisha ripoti ya field ikiwa na maoni pembeni. Angalia File, Account. Maneno "Product Activated" hayatoshi, maana hata iliyovunjwa ili itumike bila kulipiwa huyaonyesha. Uliza leseni iko kwenye akaunti ya nani. Ikiisha muda utasoma na kuchapa tu, kuhariri basi.

3. Google Docs. Inajihifadhi yenyewe kadiri unavyoandika. Bila bando haifai, labda uwe umewasha mapema kuandika nje ya mtandao kwenye Chrome.

4. WordPad. Ilianza na Windows 95, na imeondolewa tangu Windows 11 toleo la 24H2. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, utaona toleo. Kama bado ipo, inatosha barua ya serikali ya mtaa: herufi nzito, rangi, picha, vitone vya orodha. Haikagui tahajia, haina tanbihi, wala huwezi kuchora jedwali, kwa hiyo mahesabu ya kikundi utayapanga kwa Tab, na ukibadilisha ukubwa wa herufi safu zote zinapinda.

Mtego mkubwa uko kwenye docx, yaani faili la Word. WordPad inaifungua, inatoa onyo la manjano juu kwamba si kila kitu kinaonekana, nawe unaendelea. Ukibonyeza Ctrl+S, vile isivyovielewa, kama tanbihi na vichwa vya kurasa, vinafutika kwenye faili lenyewe. Nakili faili kwanza, ufungue nakala.

Tena WordPad haijihifadhi. Betri ya mtumba iliyochoka, umeme ukikatika, ukurasa umekwenda. Ukibanwa kuitumia, tunza kwa RTF, aina ya faili inayoielewa, na Ctrl+S kila aya.