Fundi simu wa Aggrey, nampa nyota tano

Samsung A52 yangu ilipasuka kioo nikaenda kwa fundi mmoja Kariakoo mtaa wa Aggrey, jina simtaji sababu sijamuomba ruhusa. Kabla hata sijatoa hela akanambia dada hiki cha bei rahisi ni kopi, ni LCD sio AMOLED, yaani sio aina ya kioo iliyokuja na simu, alama ya kidole haitasoma tena, orijino ipo ila bei imesimama, chagua mwenyewe. Jamani nani anakwambiaga hivyo kabla hujalipa?? Paswadi hakuitaka kabisa, nilifungua mwenyewe tukajaribu kamera na spika pale pale, na kioo cha zamani akanirudishia.

Nikamwambia fundi wewe una hofu ya Mungu. Akajibu kwa upole tu, mimi sisali popote dada, niliacha zamani, ila nimejiwekea vyangu, kazi isipopona sichukui hela, picha za mtu sifungui na simu nisiyojua imetoka wapi siigusi. Na kweli nikiwa nimekaa hapo akaja kijana na iPhone imefungwa anataka itolewe loki, akaambiwa lete risiti kwanza, kijana akaondoka na hela yake.

Mimi ni muumini na nimelelewa kuamini asiye na dini hana kinachomzuia. Sasa fundi mwingine niliyemwamini kwa vile tunasali pamoja ndo alinibadilishia betri nzima akaniwekea mbovu, kwa hiyo huyu kanifikirisha mpaka leo.

Ila wateja ni wengi, aliniambia lisaa limoja nikatoka saa kumi jioni, nendeni asubuhi.