TAHADHARI: Anayeuza randa ndogo za "digrii 12" kutoka Uingereza ni tapeli

Mafundi seremala wenzangu, pamoja na ninyi nyote mnaonunua zana za mtumba kwa njia ya simu,

Kuna mtu mtandaoni anayejitambulisha kuwa muuzaji wa zana za zamani za useremala kutoka Uingereza, anayedai kuwa na stoo Gerezani jijini Dar es Salaam, na ambaye kila mara hupandisha picha za randa ndogo nyeusi zinazong'aa kama viatu vya bwana harusi. Msimtumie fedha. Mimi nimemtumia shilingi 185,000, mbali na gharama ya kusafirisha mzigo kwa basi hadi Morogoro, na nilichopokea ni chuma kilichopasuka kikazibwa, chenye kisu kisichoweza kuchonga hata kijiti cha meno. Naandika kwa uchungu, kwa sababu wapo kati yenu walionisikia nikiisifu randa hiyo kabla haijafika, na wapo ambao tayari wamekwisha kunicheka vya kutosha pale kijiweni.

Kabla mtu hajauliza fundi mzima anauziwaje mbuzi kwenye gunia, naomba asome hadi mwisho. Yule si mchuuzi wa kubabaisha. Nilimpima kwa maswali, na majibu yake yalikuwa ya mtu aliyeshika randa mkononi. Nilimweleza kwamba ninatafuta randa ndogo kwa ajili ya kusawazisha vichwa vya mbao, yaani miisho iliyokatwa kukingama nyuzi, kwenye droo za mninga (kazi ya kabati la mama mmoja mteja wangu), naye akanitumia ujumbe wa sauti mrefu, taratibu kabisa, akinieleza mambo ambayo vijana wengi wa siku hizi hawayajui. Alisema kwamba katika randa kubwa tulizozoea kisu hulala kwa digrii 45 na mteremko wa makali hutazama chini, lakini katika randa ndogo mteremko huo hutazama juu, na kwa hiyo pembe ya kukata hupatikana kwa kujumlisha pembe ya kitako (pale kisu kinapolalia) na pembe ya kunolea. Randa ndogo aina ya Stanley 9½ ina kitako cha digrii 20; ukinoa kisu kwa digrii 25 unapata 45, yaani hujapata chochote zaidi ya ukubwa unaoenea kiganjani. Stanley 60½ ina kitako cha digrii 12 hivi, na kisu kile kile kilichonolewa kwa digrii 25 kinakupa 37, pembe ya chini inayopita kwenye kichwa cha ubao bila kurukaruka. Yote hayo ni kweli tupu. Hata akaongeza, bila kuulizwa, kwamba mwenye randa ya digrii 12 anaweza kuweka kisu cha pili akakinoa kwa digrii 38 ili kupata 50, kwa ajili ya mninga wenye nyuzi zinazopishana, ambao pembe ya chini huurarua. "Mzee wangu," akasema, "hapo umenunua randa mbili kwa bei ya moja." Nani kati yenu angemshuku mtu anayesema hivyo? Mwongo wa kawaida hukwambia tu kwamba chuma ni orijino.

Kisha akatuma video. Mikono miwili, ubao mweupe uliobanwa kwenye jiliwa, randa ikapita mara moja kwa mlio ule laini tunaoufahamu, na maranda yakatoka marefu, membamba, akayainua kwenye mwanga wa dirisha hadi ukaonekana upande wa pili. Nilimwomba aniwekee randa hiyo, akajibu kwamba kuna fundi wa Arusha naye anaitaka na kwamba kwa heshima ya umri wangu angenipa mimi kwanza endapo ningelipa kabla ya magari ya jioni kuondoka. Nililipa.

Mzigo ulifika Msamvu ukiwa umefungwa kwa gazeti na mfuko wenye mafuta, kama wanavyofunga watu wanaojali zana. Niliufungua karakanani mbele ya vijana wangu, na kwa bahati mbaya yule mama naye alikuwa amekuja kukagua droo zake. Nikawaeleza wote kwamba hiyo ni zana ya Sheffield, mji wa Uingereza unaosifika kwa zana. Nikakinoa kisu kwenye jiwe, na hapo nikaona jambo la kwanza lisilo la kawaida: makali yalikuja upesi mno, na upande wa pili ule ukingo mwembamba wa chuma unaojikunja wakati wa kunoa haukukatika, bali ulikuwa ukilala huku na huku kila nilipokigeuza kisu. Nikasema moyoni huenda jiwe limechoka.

Nikabana ubavu wa droo, kichwa cha ubao kikiwa juu, na nikaipeleka randa. Ilikwama. Nikapunguza kisu hadi kisionekane kabisa, nikailaza randa mshazari kama inavyotakiwa, nikasukuma tena. Badala ya maranda ilitoka vumbi, halafu kikasikika kitu kama kokoto ikivunjika, na kipande cheusi kikaruka kutoka pembeni mwa mdomo wa randa kikaanguka miguuni pa yule mama. Akakiokota, akakitazama, akaniuliza, "Fundi, hii nayo ni ya Sheffield?" Vijana walijifanya wanatafuta misumari.

Kipande hicho hakikuwa chuma. Ilikuwa ni dawa ya kuzibia mabodi ya magari, ile ya kijivu inayochanganywa na kigandishi, iliyopigwa msasa vizuri kisha ikapakwa rangi nyeusi. Nilipoisugua randa yote kwa thina ndipo ukaonekana ufa unaoanzia kwenye kona ya mdomo na kupanda ubavuni karibu hadi juu. Mnajua chuma cha kusubu kilivyo: kikianguka sakafuni hakipindi, kinapasuka, na sehemu dhaifu kuliko zote katika randa ni hapo mdomoni na mbavuni. Chuma kilichopasuka hapo hujikunja kidogo kila unapokaza kifuniko cha kisu, na uso wake wa chini hauwezi kubaki sawa hata ukausugua mwezi mzima.

Nilipima pia kitako kwa kipimo cha pembe, nikakuta digrii 20 au karibu sana na hapo. Kwa hiyo hata isingepasuka, isingekuwa randa ya digrii 12 aliyodai kuniuzia. Ubavuni kulikuwa na mikwaruzo ya tupa mahali ambapo pamefutwa kitu, na rangi ikafunika. Kuhusu kisu, nilikipitishia tupa pembeni. Kisu cha chuma kigumu huifanya tupa iteleze juu yake kama kioo, lakini hiki kililika mara moja na kuacha mfereji unaong'aa. Ni bapa la chuma laini, lililokatwa na kuchongwa lifanane na kisu. Ndiyo maana kiliweza kuchonga ule ubao wa kwenye video, ambao sasa nimeutazama tena nikatambua kwamba ni msonobari, naye alikuwa akifuata urefu wa nyuzi. Msonobari ukiufuata nyuzi, hata kisu cha jikoni kinautoa maranda.

Nilipompigia aliniambia kwamba nimeidondosha mwenyewe. Nilipomtumia picha ya ile dawa ya kuzibia alinyamaza, na baada ya hapo akanizuia nisiweze kumwandikia.

Mtu huyu anastahili jela, na sisemi hivyo kwa hasira peke yake. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na kwa kuwa aliufanya uongo wake kupitia mtandao, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu vilevile. Asije mtu hapa kuniambia kwamba laki na ushee ni fedha ndogo isiyostahili kesi. Kwa fundi anayelipwa kwa kazi, hiyo ni mbao za kitanda kizima, na ni kodi ya fremu. Tena ameharibu jina la wauzaji waaminifu wa mtumba, ambao mimi nimenunua kwao patasi na misumeno tangu zamani, pesa mkononi na zana mkononi, bila hata risiti. Mtu anayejua tofauti ya digrii 12 na 20, akaitumia elimu hiyo kuwaibia mafundi wenzake, ni mbaya kuliko kibaka wa stendi, kwa sababu kibaka hakufundishi kwanza ndipo akuibie. Afungiwe akaunti zote, arudishe fedha za kila aliyemwibia, na stoo yake, kama kweli ipo, ifunguliwe ili mafundi wazione hizo randa nyingine alizozizika kwa rangi. Nimekwisha kutoa taarifa kituo cha polisi na namba yake nimeituma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Kwa wanaotaka kujua atambuliweje: rangi mpya kwenye zana ya zamani, huku kisu hakijatolewa katika picha hata moja. Nilipoomba picha ya uso wa chini alinitumia ileile ya juu, akasema betri inaisha. Mtakeni muuzaji yeyote atoe kisu na kifuniko, apige picha ya mdomo kwa karibu pande zote mbili, na aonyeshe video randa ikipita kwenye kichwa cha ubao mgumu, mninga au mvule, wala si ubavuni mwa msonobari. Aizungushe pia ile skrubu ya kurekebishia kisu. Akisema kuna mteja mwingine wa Arusha, mwacheni amuuzie huyo wa Arusha.

Nasikia kwamba kuna mtu wa Dodoma aliyeuziwa randa ya aina hiyohiyo, na mwingine Ifakara. Risiti ya malipo, ile video, ujumbe wa sauti na kile kipande cha dawa ninavyo vyote. Aliyetapeliwa naye aniandikie pembeni kabla ya Ijumaa, ili maelezo yetu yaingie kwenye jalada moja.