Udongo na makuti au bloku na bati, ipi inafaa joto la Mtwara?

Nimelala kwenye zote mbili hapa Mikindani. Bati mchana linachemka, joto linakushukia kichwani, na bloku nazo zinanyonya jua kutwa nzima halafu usiku ukitaka kulala ndo zinaanza kulitema ndani, saa nne ukigusa ukuta wa magharibi bado una uvuguvugu. Makuti yana hewa katikati kwa hiyo joto halipiti kirahisi, chini yake unapumua kabisa.

Unyevu ndo watu wengi hawaufikirii. Ukuta wa udongo unavuta unyevu wa hewani na kuuachia taratibu, ila bloku zikijengwa bila nailoni kwenye msingi zinapandisha maji ya ardhini, yakikauka yanaacha chumvi nyeupe na rangi inabanduka kama magamba ya samaki, nimekwangua sana hiyo. Na alfajiri bati likipoa, kama hamna dari, linatoa jasho mpaka linadondokea neti.

Kwa sola lakini bati linashinda, makuti hayabebi paneli na yanashika moto haraka. Usiibane paneli kwenye bati, acha kama sentimita 10 hewa ipite, maana paneli nyingi zinapoteza karibu asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila digrii ambayo joto la paneli yenyewe linapanda juu ya 25.

Mimi najenga bloku na bati, na dari na matundu ya hewa juu kabisa, makuti nayaweka barazani upande wa magharibi yaukinge ule ukuta.